Ndege imepita chini, picha ya mdudu imezagaa: Mzazi, hatari halisi iko wapi?

Jua linazama kwenye kijiji kimoja cha mpunga. Watoto walioshinda shambani wakiamia ndege wanarudi nyumbani, manati shingoni, sauti zimewakauka kwa kupiga kelele tangu asubuhi. Ghafla ndege ndogo ya injini inatokea upande wa bwawa, chini kiasi kwamba mtu aliyesimama uwanjani anaona magurudumu yake. Inapita juu ya matete, inageuka, inapita tena. Nyuma yake inaacha ukungu mwembamba. Baada ya mizunguko kadhaa inaondoka, na kijiji kinabaki na maswali.

Saa tatu usiku jibu linaingia kwenye simu ya mama. Ni picha ya mdudu mwenye uso wa jinamizi: macho mekundu, meno yaliyopindana, nywele ngumu kama za ngiri. Chini yake kuna maandishi kwamba ndege iliyopita jioni ndiyo iliyomwaga wadudu hao, wanaingia masikioni mwa watoto, fungeni madirisha, tuma ujumbe huu kwa watu kumi.

Mtoto wa darasa la pili amekwisha kuchungulia juu ya bega la mama yake.

"Mama, huyo ndiye aliyeshushwa na ile ndege?"

"Nenda kalale mwanangu," mama anajibu, huku macho yake yakiwa dirishani.

Usiku huo nyumba inalala kwa joto, madirisha yote yamefungwa. Asubuhi kaka mkubwa anatoka mapema na wenzake. Wamesikia kwamba kule bwawani kwelea kwelea wamekufa, wametapakaa chini kama mchele uliomwagika. Wamebeba ndoo mbili. Hakuna anayewazuia. Mama yuko chumbani na tochi, anakagua masikio ya mdogo.

Hiki ni kisa cha mfano, hakihusu familia moja. Lakini vipande vyake vyote vipo katika maisha ya wazazi wa leo: simu isiyokauka picha za kutisha, ndege inayopita chini bila watu kuelezwa kwa nini, na mtoto anayesubiri mkubwa amwambie aogope nini. Tatizo la kisa hiki ni kwamba hofu imeelekezwa mahali pasipo na hatari, na hatari imeachwa ipite mlangoni ikiwa na ndoo mkononi.

Uso wa sisimizi uliozunguka dunia

Mwaka 2022 mpiga picha wa Lithuania, Eugenijus Kavaliauskas, aliingiza picha ya uso wa sisimizi katika shindano la picha za darubini la Nikon Small World. Haikupata nafasi ya kwanza, lakini ndiyo iliyosambaa kuliko nyingi. Watu waliiona kama zimwi la filamu: macho mawili mekundu yanayowaka, taya la dhahabu, uso uliojaa hasira.

Ilikuwa picha halisi ya sisimizi halisi, iliyokuzwa mara tano tu. Kilichodanganya ni macho ya mtazamaji. Yale madoa mekundu hayakuwa macho. Ni mahali ambapo papasi zake, yaani zile nyuzi mbili za kunusia, zinaanzia kichwani. Macho yenyewe yako pembeni, nje ya picha. Mwanadamu akiona madoa mawili juu ya kitu kinachofanana na mdomo, akili yake humtengenezea sura, na sura ile ikikunjamana hofu hufuata.

Mzazi anahitaji kulijua hili kwanza: picha ya karibu inaweza kutisha bila mtu yeyote kudanganya. Ukimkuza mdudu yeyote wa nyumbani, hata nzi wa jikoni au chawa, utaona nywele na makucha. Mdudu hajabadilika. Bado ni yule yule anayetembea kwenye ukingo wa kikombe.

Kwa kawaida picha za namna hii hupita kwenye kompyuta kabla ya kuonekana, na si zote zina nia mbaya. Lenzi inayopiga kwa ukaribu mkubwa huona vizuri kipande chembamba tu cha mdudu. Pua ikionekana, jicho lina ukungu. Kwa hiyo mpiga picha hupiga nyingi, kila moja akisogeza lenzi kidogo sana, kisha programu huziunganisha zote kuwa moja iliyo wazi kuanzia mbele hadi nyuma. Mwingereza Levon Biss, aliyepiga picha wadudu wa makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford, alitumia picha zipatazo 8,000 kutengeneza taswira ya mdudu mmoja. Hiyo ni kazi ya kuunganisha, lakini kila kilichomo kilikuwepo kwa mdudu.

Zipo pia picha za darubini ya elektroni, zile ambazo huonyesha kiroboto au kupe kama mnyama wa kutisha mwenye rangi ya bluu au zambarau. Darubini hiyo haitumii mwanga wa kawaida, hivyo picha zake hutoka bila rangi. Rangi huongezwa baadaye ili kutofautisha viungo. Anayeisambaza kwa kusema "mdudu mpya mwenye rangi ya sumu" ama hajui, ama anajua na ananyamaza.

Udanganyifu wenyewe unavyofanyika

Njia rahisi haihitaji hata kompyuta. Mdudu hushikwa karibu na lenzi, mtu akasimama nyuma mita kadhaa. Picha ikitoka, panzi anaonekana kuwa na ukubwa wa mbuzi. Wavuvi na samaki wao wanaijua mbinu hii siku nyingi.

Njia ya pili ni kuhariri: kuongeza meno, kubandika kichwa cha mdudu mmoja kwenye mwili wa mwingine, au kuweka mdudu juu ya picha ya ngozi yenye vidonda ambayo haimhusu kabisa. Njia ya tatu ni akili mnemba, ambayo siku hizi hutengeneza picha nzima ya kiumbe ambacho hakijawahi kuwepo, tena kwa dakika moja.

Mzazi anaweza kuuliza maswali manne kabla ya kutuma picha mbele.

La kwanza: ukubwa wake unapimwa na nini? Picha ya kweli ya kutambua mdudu huwa na kitu kinachojulikana pembeni yake, kama sarafu, njiti ya kiberiti au rula. Kama hakuna, huwezi kujua kama ni wa milimita au wa sentimita.

La pili: ana miguu mingapi? Mdudu aliyekomaa ana miguu sita na papasi mbili. Buibui ana minane na hana papasi. Picha za kutengenezwa mara nyingi hukosea hapa: mguu wa saba, papasi inayotokea mgongoni, mguu unaoishia hewani. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu. Mtoto anayehesabu miguu ya zimwi huanza kulizoea.

La tatu: imeshawahi kuonekana wapi? Hifadhi picha na uitafute kwa Google Lens. Mara nyingi picha ya "jana kijijini kwetu" hukutwa ilichapishwa miaka iliyopita, katika bara jingine, kwa maelezo mengine.

La nne: ujumbe unakutaka ufanye nini? Ushauri wa afya hukuambia nawa, funika, nenda zahanati. Ujumbe unaokutaka utume kwa watu kumi unataka kusafiri tu.

Hata hivyo, sura ya ajabu peke yake si ushahidi wa uongo. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipovamia Kenya, zilisambaa picha za makundi yenye rangi ya waridi, na ni rahisi mtu kudhani rangi ile imepakwa. Ni ya kweli. Nzige wa jangwani anayeruka kwa kundi huwa na rangi ya waridi akiwa bado hajapevuka, kisha hugeuka manjano akiwa tayari kuzaa. Aliyekataa picha ile kwa kuwa "haiwezekani" alikosea sawasawa na aliyeamini mdudu wa ukubwa wa mbuzi.

Mdudu mdogo anayepuuzwa

Picha zilizokuzwa zina madhara mengine ambayo wazazi hawayafikirii: humfanya mtoto amsubiri mdudu mkubwa, huku yule mwenye madhara ni mdogo.

Mfano ni nzi wa Nairobi. Licha ya jina lake si nzi, ni jamii ya mbawakawa, na huongezeka baada ya mvua kubwa. Ana urefu usiozidi sentimita moja hivi, mwili wa rangi ya chungwa na nyeusi. Hang'ati wala hachomi. Sumu yake iko ndani ya mwili, na humtoka pale anapopondwa juu ya ngozi. Baada ya saa 12 hadi siku moja na nusu hivi, ngozi huwa nyekundu na kuwaka moto, kisha hutoa malengelenge. Mtu akigusa jicho kwa mkono wenye sumu hiyo, jicho huvimba.

Mtoto aliyeonyeshwa picha yake kubwa kama kombamwiko hatamtambua akimkuta shingoni. Atampiga kofi, na kofi hilo ndilo linaloleta kidonda. Kinachotakiwa ni kumpuliza au kumtoa kwa karatasi, kisha kuosha sehemu hiyo kwa sabuni na maji. Akishapondwa, osha mara moja, usisugue, mzuie mtoto kushika macho, na ukiona jicho limevimba au malengelenge yamesambaa mpeleke kituo cha afya. Chandarua na kupunguza taa zinazowaka usiku karibu na kitanda husaidia, kwa kuwa mdudu huyu hufuata mwanga.

Kwa nini ndege ipite chini?

Ndege ndogo inayopita chini juu ya mashamba au mabwawa huwa na kazi, na katika ukanda huu kazi inayojulikana zaidi ni kupambana na viumbe waharibifu wa mazao.

Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi ya nzige wa jangwani yaliingia kaskazini mwa Kenya, na uvamizi uliofuata ulitajwa kuwa mbaya zaidi nchini humo kwa miaka 70. Kundi linalojaza kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 80, na kwa siku moja hula chakula kinacholingana na cha watu 35,000. Mwanzoni mwa 2021 baadhi ya makundi yalivuka na kuingia wilaya kadhaa za kaskazini mwa Tanzania. Ndege zilitumika kupulizia viuatilifu, zikiruka mita chache tu juu ya mimea, kwa sababu dawa ikimwagwa kutoka juu sana upepo huipeleka kusikotakiwa.

Katika mikoa ya mpunga, mtama na uwele, adui wa kila msimu ni kwelea kwelea. Ndege mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Hesabu yake ni rahisi: kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kwa siku. Kwa kuwa hulala pamoja kwa wingi kwenye matete na miiba, upuliziaji hufanyika jioni wanaporejea malaloni. Ndiyo maana ndege ya dawa huonekana jua linapozama, saa ambayo watoto nao wako nje. Nchini Tanzania kazi ya kudhibiti visumbufu hivi iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu Arusha, ikishirikiana na halmashauri.

Na je, ndege imewahi kumwaga wadudu? Ndiyo, na Waafrika Mashariki walinufaika. Kati ya 1994 na 1997, ndege ndogo ziliruka mara kwa mara juu ya Unguja zikiachia mbung'o dume mamilioni, waliofugwa katika taasisi ya utafiti Tanga na kuhasiwa kwa mionzi. Dume hao walipandana na mbung'o jike wa mwituni, lakini mayai hayakutunga. Kizazi kikakatika, kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o, na mifugo ikapona ugonjwa wa nagana. Kazi ile ilifanywa hadharani na kuandikwa. Aliyetaka kujua kilichokuwa ndani ya ndege aliweza kuuliza na kujibiwa.

Kuuliza ndiyo haki ya mzazi. Swali liende kwa mtendaji wa kijiji au afisa ugani: inapulizia nini, wapi, lini, na tukae mbali kwa muda gani? Kijiji kilichotangaziwa mapema hakina nafasi ya kuweka zimwi mahali pa jibu.

Hatari iliyo kwenye ndoo

Sasa turudi kwa wale vijana wenye ndoo. Dawa inayotumika sana kwa kwelea ni fenthioni, iliyo katika kundi la viuatilifu vinavyoshambulia mishipa ya fahamu. Huingia mwilini kwa kupumua, kwa kula na hata kupitia ngozi. Ndege aliyekufa malaloni asubuhi ana dawa kwenye manyoya na ngozi, na huenda tumboni pia. Anayemnyonyoa anaigusa. Anayemla anaimeza. Kumchemsha, kumbanika au kumkaanga hakumhakikishii mtu kwamba sumu imekwisha.

Kwelea si haramu kwa afya. Katika maeneo kama Kondoa, watu huwanasa kwa mitego na kuwala, na ni kitoweo kizuri chenye protini. Tofauti iko kwenye namna walivyopatikana. Kwelea aliyenaswa mzima, mbali na eneo lililopuliziwa, ni kitoweo. Aliyeokotwa amekufa au anayeyumba bila kuruka ni sumu. Kanuni hiyo ni ile ile kwa nzige: baada ya upuliziaji hawaliwi, wala hawapewi kuku.

Mtoto wa miaka saba anaweza kuikariri hivi: cha kuokota hatuli.

Zipo hatua nyingine za nyumbani. Ukitangaziwa upuliziaji, ingiza watoto ndani, anua nguo, funika visima, ndoo za maji na chakula. Baada ya hapo watoto wasiogelee wala kuvua samaki kwenye bwawa husika mpaka mtaalamu aseme ni salama. Makopo na madumu ya dawa yasifanywe ya kuchotea maji hata yakisafishwa kwa majivu. Anayerudi kutoka eneo hilo aoge kwa sabuni, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Dalili za sumu hii zinaweza kuanza ndani ya dakika au saa chache, na wakati mwingine huchelewa. Mtoto hutokwa na mate, machozi na jasho jingi. Hutapika, huharisha, huumwa tumbo. Mboni za macho husinyaa kama ncha ya sindano. Misuli hutetemeka na kupumua huwa kwa shida. Anaweza kupata degedege. Baadhi ya wazazi huchukulia ni malaria au chakula kilichoharibika na kungoja kukuche. Usingoje.

Mwondoe eneo hilo, mvue nguo, muoshe mwili kwa maji mengi na sabuni, wewe ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala mkaa wa jikoni ukidhani vinaua sumu. Akipoteza fahamu mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Mkimbize kituo cha afya, na umweleze mhudumu bila woga kwamba ameshika au amekula ndege waliopuliziwa. Ukijua jina la dawa, litaje. Dawa ya kupunguza makali ya sumu hii ipo, ila mganga lazima ajue anatibu nini.

Kuzungumza na mtoto

Mtoto aliyeona picha ya kutisha hasaidiwi kwa kuambiwa "acha ujinga" wala kwa kuona mzazi akizunguka na tochi. Anasaidiwa kwa kukaa karibu na mtu mzima na kuitazama picha pamoja. Hesabuni miguu. Tafuteni macho yako wapi. Mchana nendeni mkamtafute sisimizi wa kweli ukutani, mumtazame kwa kamera ya simu ile ile. Akijiona yeye mwenyewe amegeuza sisimizi kuwa zimwi kwa kusogeza simu, picha nyingine haitamtisha kwa urahisi.

Kwa walezi wa makundi ya wazazi kwenye WhatsApp, jambo moja litafaa: picha isiyo na mahali, tarehe na chanzo isikae. Nafasi yake ichukuliwe na tangazo la kijiji lililopigwa picha, lenye saa ya upuliziaji na mipaka ya eneo.

Tuseme mama wa kile kijiji angepata tangazo hilo jioni ile. Angelala madirisha wazi, chandarua kimeshushwa. Alfajiri angesikia mlio wa ndoo uani, akatoka akiwa na kanga yake, na kumuuliza mwanawe swali moja kabla hajafika barabarani:

"Baba, unakwenda wapi na ndoo?"